Kitengo cha Ubora wa Manati Chaingia Kisaka

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini niliyojipa mwenyewe baada ya kuisubiri ya ofisi bila mafanikio, naujulisha umma kwamba enzi ya manati za ovyo katika wilaya ya Serengeti imefika mwisho. Tangu enzi za mababu, ndege wa huku wamekuwa wakipigwa kwa zana ambazo hazijathibitishwa na mtu yeyote. Panda inakatwa kichakani, mpira unatolewa kwenye tyubu ya baiskeli iliyokwisha kuchoka, kigozi cha kushikia jiwe kinakatwa kwenye ulimi wa kiatu cha marehemu, kisha mtu anavuta na kuachia. Ndege anakufa bila kujua ameuawa kwa kiwango gani cha ubora.

Jambo hilo lilimuumiza sana Mheshimiwa Felix Nyangwine. Ndipo kikaundwa Kitengo cha Ubora wa Manati, yeye akiwa Mkurugenzi na mimi, Zablon, nikiwa Katibu. Mimi sikuomba cheo hicho. Siku ya uteuzi nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

Kitengo kilianza kwa kishindo. Tulipewa gari, stoo yenye makufuli, muhuri, na kipimapembe cha plastiki cha wanafunzi wa jiometri. Baada ya semina elekezi iliyofanyika hotelini, mahali ambapo hapakuwa na manati wala ndege, tulitoka na Kiwango. Mikono yote miwili ya panda ilingane. Mipira iwe mipya, ya dukani, rangi moja pande zote. Mshikio upakwe vanishi mpaka ung'ae kama meza ya wageni. Na zaidi ya yote, manati isinuke moshi. Kipengele hicho cha moshi alikileta Mkurugenzi mwenyewe, ambaye amezaliwa kijiji cha Kisaka lakini amekaa mjini mpaka pua yake imehamia huko moja kwa moja.

Tulianzia Morotonga, kwa Veronika, mwanamke anayetengeneza manati nyuma ya mashine ya kusaga na ambaye sauti yake inaishinda hiyo mashine. Tulimkuta ameshika panda ya mpera, anaikwangua kwa kipande cha chupa. Juu ya mafiga yake zilining'inia panda nyingine mbichi, kila moja mikono yake imefungwa kwa kamba isipanuke, zinakauka taratibu kwenye moshi wa chakula cha familia. Pembeni kulikuwa na kisu, msumeno mdogo, msasa uliochakaa, na kopo la mafuta ya ng'ombe ambayo huyapaka na kuyasugua kwa kitambaa, akaacha, akapaka tena, mpaka mti uache kunywa. Kwa mtazamo wa Kitengo, hii ilikuwa karakana isiyo rasmi ya hali ya juu.

"Hii harufu ni ya nini?" Mkurugenzi aliuliza.

"Ya moshi."

"Moshi wa nini?"

"Wa ugali. Ulitaka nikaushe kwa maombi?"

Nikatoa kipimapembe, nikapima. "Mkono wa kushoto umezidi wa kulia," nikasema kwa masikitiko.

"Na wewe sikio lako la kushoto limezidi la kulia," akajibu Veronika, bila kuinua uso. "Nani alikukagua?"

Nikaandika kwamba mdau ametoa maoni. Mkurugenzi akamweleza, kwa lugha ya upole ya viongozi, kwamba wateja wa leo wanataka mng'ao.

"Mng'ao peleka kwenye majeneza. Mimi manati zangu watu wanazifuata kutoka Tarime. Kule Sirari wanavuka nazo ng'ambo ya mpaka, wakifika wanasema ni za kwao. Hakuna mwanamume wilaya hii anayenishinda, na kama yupo mleteni hapa, nimcheke."

Tulimpa zuio la kutengeneza. Alilipokea kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akaendelea kukwangua. Tulichukua panda zake zote kama vielelezo, na gari la ofisi likanuka jiko.

Sasa nafika kwenye Operesheni Kisaka, mafanikio makubwa kuliko yote katika historia fupi ya Kitengo.

Tulifika wakati mtama umeanza kujaza punje. Huo ndio wakati kwelea wanakuja kwa makundi yanayofunika jua, na wenye mashamba wanashinda juu ya dungu, yaani jukwaa la miti katikati ya shamba, wakiamia ndege kwa kelele na mawe kuanzia asubuhi mpaka kiza. Kwenye dungu la kwanza alikuwa mama mmoja anayeitwa Agustina. Historia yake tulikuwa nayo: mwaka jana tembo walitoka hifadhini wakamaliza mahindi yake yote, na ghala lake lilikuwa tupu. Mtama ule ulikuwa ndio chakula chake na wajukuu wake mpaka msimu mwingine. Kitengo kililizingatia hilo, kisha kikaendelea na kazi.

Mkurugenzi alitaka picha, kwa hiyo aliingia shambani mwenyewe. Hakusema shikamoo, maana itifaki ya Kitengo haina shikamoo.

"Mama, shuka usalimishe hiyo zana."

"Niko kazini, mwanangu. Ndege wametua pale kwenye migunga, wananiangalia."

"Serikali nayo iko kazini."

Agustina akatazama ile migunga, akamtazama Mkurugenzi. "Unaichukua wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mkono wako?"

"Kwani nina mkono wa nani?" Mkurugenzi akasogea kidogo ili kamera ipate uso wake.

Mama akashuka. Akamwekea manati kiganjani, nyeusi kwa mafuta na moshi, mkono mmoja umezidi mwingine, aibu tupu. Kisha, bila kulazimishwa, akaleta debe la kugonga, mfuko wa mawe, na chupa yake ya maji. "Hivi vinakwenda nayo," akasema. Mkurugenzi akageukia kamera akasema huo ndio ushirikiano tunaoutaka.

"Asante, mwanangu," Agustina akasema, akajifunga khanga upya. "Nilikuwa nimechoka." Akaondoka kwenda nyumbani, wala hakugeuka kutazama ndege.

Hapo ndipo yalipotokea mambo yaliyonitoa machozi ya kizalendo. Watu walianza kuja mbio. Modesta, jirani wa Agustina, aliruka tuta na mtaro akihema, akauliza ni afisa yupi bado hajapata manati, akaniwekea yake mkononi na kunikunja vidole nisiiangushe. Mzee Mogesi, ambaye hutembea kwa fimbo, siku ile hakuihitaji. Manati yake alimpa dereva. Mhasibu alipewa. Mpiga picha alipewa, ingawa alijitetea kwamba yeye ni kibarua tu. Hata Daudi, anayeamia shamba la Mkurugenzi mwenyewe, alitokea upande wa pili na kumkabidhi bosi wake manati huku akitabasamu. Tulipoondoka, kila mtumishi wa Kitengo alikuwa na manati na debe, na shambani hakukuwa na mwananchi hata mmoja. Manati zote tulizifungia stoo, nami nikaandika makao makuu kwamba wananchi wamesalimisha kwa hiari na kwa furaha. Kila neno lilikuwa kweli.

Asubuhi iliyofuata simu yangu iliita.

"Mura, kijana wangu," ilikuwa sauti ya Mzee Mogesi, "mko wapi?"

"Shikamoo mzee. Tuko ofisini."

"Ndege wamefika zamani. Ninyi mnafika lini?"

Nilimwambia sielewi. Akanionea huruma, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. Kule kwao, watu wanapolima kwa kualikana, ukimpokea mtu jembe katikati ya mstari, mstari ule ni wako mpaka mwisho. Aliyekupa anakwenda kukaa kivulini na hakuna wa kumuuliza. Kuamia ndege ni hivyo hivyo: anayepokea manati amepokea na shamba. Likiliwa, limeliwa mikononi mwake.

"Lakini mzee, sisi hatukupokea. Tulikamata!"

"Uliishika?"

"Niliishika."

"Basi njoo. Ndege wa Modesta wameanzia upande wa barabarani."

Nilikwenda peke yangu, kwa ajili ya tathmini tu. Shamba la Modesta lilikuwa na tundu tundu, lakini la Agustina, lililo karibu na migunga, lilikuwa limeshaumwa ukingo mzima. Masuke yalisimama matupu, meupe, na chini kulikuwa na maganda kama pumba za mashine. Wajukuu wa Agustina walikuwa wamekaa mlangoni wakiangalia shamba. Agustina mwenyewe alikuwa anasuka mkeka. Nilipata uchungu. Nasema wazi, niliumia moyo, kisha nikakumbuka kwamba mimi ni Katibu, nikaandika kwamba athari ni za wastani.

Mkurugenzi alipopata taarifa alicheka mpaka akakohoa. Alicheka vilevile njiani alipoitwa kwenye kikao cha wazee. Aliingia na hotuba mkononi.

"Ndugu wananchi," akaanza, "lazima tutofautishe mtu na ofisi. Aliyechukua manati ni Serikali. Na Serikali haina mkono."

"Tuliuona," akasema Mzee Mogesi. "Ulikuwa na saa."

Watu wakacheka, Mkurugenzi akashusha mkono mfukoni. Mogesi akaendelea bila haraka. "Angekuwa mgeni tungemsamehe, mgeni hajui. Wewe umeogeshwa kwa maji ya kisima hiki. Mstari umeupokea. Usipoumaliza, hatukudai na hatukupigi. Ila boma lako hakuna atakayelikanyaga, iwe harusi, iwe msiba."

"Agustina, sema shida yako," mtu mmoja akasema.

Agustina akasimama. "Mimi sina maneno. Nataka mtama wangu. Ukiisha huu sina mwingine, na hawa watoto hawali hotuba."

Mkurugenzi akageuka kumtafuta mtu mmoja mwenye akili. Macho yake yakakutana na ya mama yake mzazi, Bibi Eunice, aliyekuwa amekaa mbele kwa akina mama.

"Felix."

"Mama."

"Baba yako alipokufa ulikuwa mjini. Nani walimchimbia kaburi?"

Mkurugenzi akakunja hotuba yake.

"Walichimba kwenye mwamba, siku nzima, na hakuna aliyekuuliza ulikuwa wapi. Kapande dungu."

"Na shamba langu mwenyewe je?" Mkurugenzi akauliza, sasa kwa sauti ndogo. "Ndege wako kule pia. Daudi yuko wapi?"

"Kivulini," akajibu Daudi kutoka nyuma. "Uliipokea, bosi."

Hivyo ndivyo Kitengo kilivyohamishia shughuli zake uwandani. Mkurugenzi alikabidhiwa shamba la Agustina, mimi la Modesta, dereva la Mzee Mogesi, na wengine kadiri walivyopewa. Katika kulinda heshima ya ofisi, Mkurugenzi aliagiza tutumie manati za Kiwango pekee, zile za vanishi tulizoagiza mjini kama mifano. Nakiri zilikuwa nzuri sana kwa kutazama. Jua lilipopanda, vanishi ikalainika na kumnata Mkurugenzi kiganjani. Mkono ulipotoka jasho ikageuka kuwa utelezi, na alipovuta kwa nguvu panda ilichomoka ikampiga mdomoni. Mipira mipya ya rangi moja ilikatika pande zote mbili kwa usawa, kama Kiwango kinavyotaka. Kwelea walitua wakala wakimtazama.

"Zablon!" akaniita kutoka dungu hadi dungu, mdomo umevimba. "Kalete zile za stoo!"

"Haziwezi kutoka, Mheshimiwa, bila kikao cha Kamati ya Uthibitisho!"

"Mwenyekiti wake ni nani?"

"Ni wewe, Mheshimiwa!"

"Basi naitisha kikao!"

"Akidi haitimii! Wajumbe wote wameomba ruhusa ya kuugua!"

Wajumbe hawa walikuwa wazima siku ya operesheni. Homa iliwaingia wote mara tu waliposikia habari za madungu.

Kwa hiyo jioni ile Mkurugenzi alikwenda Morotonga mwenyewe, nami nikiwa shahidi. Alitangulia kunituma mimi, lakini Veronika alisema hatengenezi manati kwa mkono ambao hajauona.

"Nyosha kiganja," akamwambia. Akakigeuza geuza, akakibonyeza kwa kidole gumba kama anapima parachichi. "Laini. Hiki ni kiganja cha kusaini. Utatoka malengelenge kesho, keshokutwa utalia, halafu utazoea." Akatoa panda mpya chini ya kitanda, maana zuio letu lilikuwa limemfundisha kuficha tu. Akaikwangua pale kidole kinapokaa, akapitisha msasa, akasugua mafuta mpaka mti ukawa mweusi na mkavu, kisha akafunga mpira wa tyubu kwa vipande vyembamba vya tyubu hiyo hiyo, anavuta kwa meno.

"Nakutahadharisha," akasema kabla ya kumpa, "inanuka moshi."

"Hainuki sana."

"Inanuka."

Mkurugenzi akaiweka puani, akafumba macho. "Inanuka," akakubali. "Inanuka vizuri."

Veronika akacheka mpaka watu wa mashine wakatoka nje kuona kuna nini.

Sipendi kumsifia mkuu wangu wa kazi kupita kiasi, lakini alijifunza. Malengelenge yalipasuka, yakakauka. Sauti ilikauka kwa kupiga kelele, na debe alilipiga mpaka likabonyea pande zote. Alianza kuamka kabla ya ndege. Mchana Agustina alimletea uji, kama inavyostahili kumtunza anayeamia, kisha akakaa kivulini na mkeka wake.

"Shikamoo mama," Mkurugenzi alisema siku hizo, tena kwa haraka, kabla hajaulizwa.

"Marahaba. Kona ile, mwanangu. Wamerudi."

Shamba la Agustina, ukiacha ule ukingo wa siku ya kwanza, lilisimama. La Mkurugenzi, upande wa pili wa korongo, liliisha lote. Mtu hawezi kuwa kwenye madungu mawili.

Mwishowe uongozi ulifanya uamuzi mgumu. Mkurugenzi alipanda mahali penye mtandao, akapiga simu za kutosha, akarudi na koti lake la ofisini, ambalo lilikuwa halijavaliwa tangu kikao. Akavunja makufuli ya stoo kwa mamlaka aliyopewa. Akatuita sote, watumishi na wananchi, shambani kwa Agustina, na mbele yake kulikuwa na gunia zima la manati za ovyo.

"Ndugu zangu," akasema, na safari hii hakuwa na karatasi. "Nimesikia kilio chenu. Kuanzia sasa hivi Kanuni zote za Ubora wa Manati zimefutwa. Kitengo kimevunjwa. Kila mtu achukue yake, na tusameheane."

Watumishi tulipiga makofi mpaka viganja vikauma, na viganja vyetu vilikuwa tayari vinauma. Mhasibu alikumbatiana na dereva. Mimi niliangaza macho kumtafuta Modesta nimkabidhi yake, nikaambiwa amesafiri kwenda Sirari kumsalimia dada yake, na kwamba ameacha salamu, nisiwe na wasiwasi, atarudi wakati wa mavuno.

Mkurugenzi akatoa manati ya Agustina kwenye gunia, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, akamnyooshea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Hakukuwa na kamera.

Agustina hakuipokea. Mikono yake ilikuwa imeshika khanga yake.

"Mama, chukua. Ni yako."

"Najua ni yangu."

"Sasa mbona hupokei?"

"Nitapokea kazi ikiisha."

"Lakini Kanuni zimefutwa! Nimezifuta mimi mwenyewe!"

"Za kwako hizo, mwanangu, una haki ya kuzifuta," akasema Agustina. "Mtama ni wangu."

Mkurugenzi akamtazama Mzee Mogesi. Mogesi alikuwa anatazama migunga, ambako matawi yalikuwa yameanza kuinama kwa uzito wa ndege.

"Kazi itaisha lini basi?" Mkurugenzi akauliza.

Lilikuwa swali la haki, na Agustina alilishughulikia kwa haki. Akainamisha suke lililokuwa karibu, akachuma punje moja, akaiuma kwa meno ya mbele. Utomvu mweupe ukamtoka pembeni mwa mdomo, akaufuta kwa kidole.

"Bado maziwa," akasema.

Kundi la kwanza likainuka kutoka kwenye migunga. Watumishi wa Kitengo kilichovunjwa tukaanza kutawanyika, kila mmoja kuelekea dungu lake, bila agizo la mtu. Mkurugenzi akasimama kidogo na manati yake, kisha akavua koti, akalikunja vizuri, akamnyooshea mama yake, aliyesimama kati ya wananchi, amshikie.

Bibi Eunice akaweka mikono nyuma.